Moto Mdogo, Mlaji Mkubwa

"Mjomba, kwa nini siku hizi jjajja ananiita kwa jina la baba?"

Umeuliza vizuri, mpwa wangu. Swali kama hilo wakubwa wengi hulimeza. Wengine hucheka. Wengine hunong'ona kwamba jjajja, mzee wetu, amerogwa. Wewe umeuliza. Basi vuta kigoda, nikusimulie.

Unaijua Katwe ya hapa Kampala, ukitoka Mnara wa Saa kuelekea barabara ya Entebbe. Pale nyundo hazinyamazi. Mabati na mapipa makuukuu huingia upande mmoja, yakatokea upande wa pili yamekuwa mageti, masanduku ya wanafunzi wa bweni, na sigiri.

Siku moja Sigiri mpya alikuwa barazani kwa fundi, akingoja mnunuzi. Mtoto wa shule akapita. Akasimama. Akainama kumchungulia tumboni.

"Unatafuta nini humo?" akauliza Sigiri.

Mtoto akaruka nyuma. "Kumbe unasema!"

"Nasema na wanaochungulia tu. Haya, na wewe niambie: humo kichwani mwako mna nini?"

"Ubongo."

"Basi ubongo wako ni ndugu yangu," akasema Sigiri. "Sote wawili ni moto mdogo, mlaji mkubwa."

Mtoto akakuna kichwa. "Mlaji mkubwa kivipi?"

"Mtu mzima ana kilo 70, tuseme. Ubongo wake haufiki hata kilo moja na nusu. Ni kama 2 katika kila 100 za uzito wake. Lakini akiwa amekaa tu, amepumzika, ubongo huo peke yake unatumia sehemu moja katika kila tano za nguvu za mwili. Akilala, unakula. Akiota, unakula. Moto mdogo, mlaji mkubwa!"

"Sasa unataka nini ili usizimike?"

"Umeuliza vizuri," akasema Sigiri. "Nataka vitu vinne. Mkaa mzuri. Hewa. Kuzolewa majivu. Na kazi."

"Mkaa mzuri ni upi?"

"Nitie karatasi uone. Nitawaka vuu! Halafu kimya. Ndiyo soda hiyo. Ndiyo peremende hizo. Zinawaka upesi, zinazima upesi, na mwili ukizizoea kila siku, kisukari kinabisha hodi. Mkaa mzuri unashika polepole na unakaa. Maharage ni mkaa mzuri. Nakati, dodo na mboga nyingine za majani ni mkaa mzuri. Karanga ni mkaa mzuri. Parachichi na papai pia."

"Na mukene?"

"Mukene!" Sigiri alifurahi mpaka bati lake likalia. "Wale dagaa wadogo wa ziwa letu, wanaouzwa wakavu kwa kipimo cha kopo. Watu wanawadharau, wanasema ni chakula cha maskini. Lakini samaki ana mafuta mazuri, na mafuta ya namna hiyo ndiyo yanayotumika kuzijenga seli za ubongo. Kipande cha kuku wa kukaanga kila jioni hakimfikii."

"Kwa hiyo nile sana, niwe na akili nyingi?"

"La! Jaza mkaa mpaka juu, huku kidirisha changu cha chini kimezibwa. Nitafuka moshi tu, na chai haitachemka. Mkaa bila hewa haufai kitu."

Hewa, mpwa wangu, ndilo jambo la pili. Sigiri hupata hewa kwa kidirisha kile. Ubongo hupata hewa na chakula kwa damu, na damu hupita katika mishipa. Mingine ni myembamba kuliko unywele. Mafuta yakiganda ndani yake, au shinikizo la damu likipanda na kukaa juu miaka na miaka, mishipa ile huwa migumu na huumia. Sehemu moja ya ubongo inakosa hewa leo, nyingine mwakani. Hakuna kelele. Mtu hasikii maumivu. Kisha siku moja anatafuta jina la mjukuu wake, halionekani.

"Shinikizo la damu linatoka wapi?"

Hutoka sehemu nyingi: umri, unene, pombe, kukaa bila kutembea, na chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Nzima, pamoja na ile iliyofichwa ndani ya mkate na chipsi. Hapa Uganda, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu, na wengi hawajui. Kupimwa ni dakika chache tu. Mama yako alipimwa lini? Kamuulize.

Hapo nitamwacha Sigiri kidogo, maana yeye hajawahi kutoka Katwe. Mwaka 1992 watafiti walianza kuwafuatilia wazee wa miji miwili: Ibadan nchini Nigeria, na Indianapolis nchini Marekani. Kila mji walichukua zaidi ya watu elfu mbili, wote wa miaka 65 na kuendelea. Wale wa Marekani walikuwa weusi pia, vizazi vya Waafrika waliovushwa bahari wakiwa watumwa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Kila mwaka, katika wazee 100 wa Ibadan, mmoja na kitu alipata ugonjwa wa kusahau. Indianapolis, zaidi ya watatu.

"Na wote asili yao ni Afrika Magharibi?"

Umeshika vizuri! Asili ni karibu, lakini sahani ni mbalimbali. Wazee wa Ibadan walikula viazi vikuu, nafaka na mboga, na nyama kidogo. Wazee wa Indianapolis walikuwa na kisukari na shinikizo la damu kwa wingi zaidi. Ndiyo maana nakuambia tusikimbilie kusema mzee amerogwa. Tutazame kwanza sufuria.

Na miguu pia. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu za nchi 168, likiuliza: ni watu wazima wangapi hawautumii mwili wao vya kutosha? Kuwait walikuwa 67 katika kila 100. Uganda hawakufika sita. Sisi tulikuwa mbele kabisa, pamoja na Msumbiji! Tulipimwa kwa kulima, kubeba maji, na kwenda sokoni kwa miguu. Sasa nawaona vijana wanapanda boda kutoka kona hii hadi kona ile. Sifa ile wataimaliza.

Mwendo wa miguu hupeleka damu kichwani. Huko Marekani, wazee waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, walipimwa ubongo. Ile sehemu ndogo inayotunza kumbukumbu, ambayo uzeeni kwa kawaida hunywea, kwao iliongezeka kwa asilimia 2. Ni kwa kutembea tu. Hawakumeza dawa.

Haya, turudi kwa Sigiri.

"Jambo la tatu ni majivu," akasema. "Usiponizoa majivu leo, kesho sitawaka sawasawa. Ubongo nao ukifanya kazi mchana kutwa unaacha takataka. Usiku mtu akilala fofofo, maji ya ubongoni hupita katikati ya seli na kuzisafisha. Mtoto wa umri wako anataka saa tisa mpaka kumi na mbili za usingizi. Sasa niambie, jana ulilala saa ngapi?"

Mtoto akatazama pembeni. "Nilikuwa na simu ya kaka."

"Basi majivu ya jana bado yamo."

"Na jambo la nne?"

"Kazi. Sigiri asiyewashwa huota kutu. Kila unapojifunza jambo jipya, seli za ubongo hufunga viungo vipya kati yao. Aliyefunga vingi tangu utotoni ana akiba. Uzee ukivikata vingine, hivyo vilivyobaki humbeba."

Watu wa Katwe wanalo somo hilo mlangoni kwao. Mwaka 2005 msichana wa miaka tisa hivi, Phiona Mutesi, alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende alikuwa akifundisha watoto sataranji. Njaa ndiyo iliyomwita: watoto walipewa kikombe cha uji. Akanywa uji, akajifunza mchezo. Mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa cha sataranji, na mwaka 2016 dunia ikaitazama filamu ya maisha yake. Uji na ubao kwa pamoja. Mkaa na kazi kwa pamoja. Katende hakutenganisha.

"Mjomba, ina maana nikila dodo, nikitembea, nikilala, nikisoma, sitasahau kamwe?"

Nakupenda kwa swali hilo. Jibu ni hapana, sitakudanganya. Mwaka 2024 wataalamu waliandika katika jarida la The Lancet kwamba yapo mambo 14 ambayo tukiyashughulikia, karibu nusu ya ugonjwa wa kusahau duniani ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Karibu nusu, mpwa wangu. Nusu nyingine huja hata kwa mtu aliyekula vizuri na kutembea sana. Kwa hiyo usimlaumu mgonjwa. Lakini nusu moja si haba!

"Na hayo mambo 14 yote ni chakula?"

Hata kidogo. Kisukari, shinikizo la damu na unene vimo. Kukosa shule kumo. Sigara na pombe vimo. Na mengine utadhani yaliandikwa Katwe. Kuumia kichwa kumo: ukipanda boda, vaa kofia ngumu. Hewa chafu imo: sigiri awake nje, au mlango uwe wazi, na moshi wa plastiki zinazochomwa ukae mbali nasi. Kupoteza usikivu kumo: wale mafundi wa nyundo wazibe masikio, maana asiyesikia huacha kuzungumza na watu, na ubongo wake hukosa kazi. Upweke nao umo.

"Upweke? Basi jjajja anakaa peke yake kutwa nzima."

Umeona mwenyewe. Sikukuambia.

"Nifanye nini?"

Akikuita kwa jina la baba, itika. Ukitaka, mtajie lako polepole, bila kumcheka. Akiuliza jambo lile lile mara ya tano, mjibu kana kwamba ni ya kwanza. Mpikie maharage yaliyoiva, na chumvi iwe ya kupimwa. Mshike mkono mwende hadi dukani na kurudi. Mama ampeleke kituo cha afya wakampime shinikizo, sukari na masikio.

Halafu mtolee ubao wake wa mweso. Una mashimo 32 na kete 64, na vidole vyake vinaukumbuka kuliko vyangu. Umwambie akufundishe. Utashindwa mara nyingi, ubongo wako utafanya kazi, na wake pia. Siku utakayoweza kumshinda, mshinde kweli. Jjajja hapendi kuhurumiwa.