Pua Iliyovunjika

Katika nchi yetu ya milima, Kasulu na Kibondo, watu huanguka na pikipiki, na vijana hugongana mpirani, hata pua ikavunjika. Basi tufanyeje?

Kwanza, mgonjwa na akae kitako, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15, apumue kwa kinywa. Asilale chali, asije akameza damu. Wala msiinyoshe pua kwa mikono yenu.

Kisha mpelekeni hospitali siku ile ile. Mganga humulika ndani, aone kama damu imejikusanya katika ukuta wa katikati. Isipotolewa upesi, gegedu hufa, na pua hubonyea. Tena, yakitoka maji maangavu puani, au mtu akizimia, msikawie hata kidogo: huenda fuvu limepasuka.

Eksirei mara nyingi haihitajiwi. Uvimbe ukipungua, yapata siku ya 5 hadi ya 10, pua iliyopinda hunyoshwa. Ya mtoto huwahiwa zaidi, kwa maana mifupa yake huunga upesi. Zikipita siku 14, kazi huwa ngumu.

Basi, mama, usiseme, “Itapona yenyewe.” Mpeleke mwanao leo.