Kumvua Paiki kwa Chambo Bandia Wakati wa Baridi

Katika lugha ya uvuvi, tusemapo "maji baridi" huwa tuna maana ya maji yasiyo na chumvi, hata yakiwa ni maji ya Ziwa Victoria ambayo huwa na kiasi cha nyuzi 25 za Sentigredi. Katika makala haya, baridi ni baridi hasa. Mfereji tutakaouzungumzia ni ule wa Grand Union nchini Uingereza, utokao London hadi Birmingham, mwendo wa kilomita 220 hivi. Mwezi wa Januari maji yake huweza kushuka hadi nyuzi 4 au chini ya hapo, na pengine hufanya utando wa barafu. Hata hivyo, kando yake husimama watu waliojifunika makoti mazito, wakirusha majini samaki wa mpira au kijiko cha chuma na kukivuta polepole. Wanamtafuta paiki. Je, kwa nini samaki akubali kukishambulia kipande cha mpira katika maji ambamo mwili wake umekaribia kuzizima?

Paiki, ambaye wataalamu humwita *Esox lucius*, ni samaki mla samaki. Mwili wake ni mrefu, wa rangi ya kijani yenye madoa ya manjano, na kinywa chake ni kipana kama cha bata, chenye mamia ya meno. Mengi ya meno hayo yameelekea ndani, hivyo kinachoingia ni shida kutoka. Pezi lake la mgongoni na lile la mkunduni yamesogea nyuma kabisa, karibu na mkia. Umbo hilo halimfai kwa safari ndefu. Linamfaa kwa kuruka ghafla. Mwaka 1990 wachunguzi wawili wa Canada, Harper na Blake, walipima mwanzo wa mruko huo na kukuta kwamba kasi yake huongezeka kwa kiwango kinachopita mara 10 ya mvuto wa dunia. Kwa hiyo, paiki hafukuzi. Hujificha, akatulia, akangoja mlo upite karibu.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Joto la mwili wake ni lile la maji yaliyomzunguka. Kwa kila nyuzi 10 zinazopungua, kasi ya mabadiliko ya kikemia mwilini mwake hushuka hadi nusu, au hata theluthi, ya ilivyokuwa. Moyo hupiga taratibu na mlo uliomezwa hukaa tumboni kwa siku nyingi. Njaa yenyewe huwa ndogo. Upungufu wa hewa, walakini, haumsumbui: lita moja ya maji ya nyuzi 0 huweza kushika miligramu 14 na zaidi za oksijeni, hali ile ya nyuzi 25 hushika 8 tu. Tatizo lake ni hesabu ya nishati. Mruko mmoja ni gharama, na gharama hiyo hapana budi ilipwe na mlo utakaopatikana. Paiki wa kiangazi huweza kukosa mara tatu na kujaribu tena. Wa majira ya baridi hungoja windo lililo karibu, linalokwenda polepole, na lenye ukubwa wa kutosha kulipa taabu.

Hapo ndipo mvuvi anapopata njia. Chambo kinachopita mbio, ambacho mwezi wa Agosti kingefukuzwa, mwezi wa Januari huachwa kipite. Mvuvi hodari hutumia samaki wa mpira mwenye kichwa cha risasi cha gramu 10 au 15, akamwacha azame hadi karibu na tope, kisha akazungusha gurudumu la mshipi mara mbili au tatu na kusimama. Mpira huteremka tena, mkia wake ukitikisika. Mara nyingi paiki hukamata katika kituo hicho, wala si katika mwendo. Kijiko cha chuma, ambacho Mmarekani Julio Buel alikipatia hataza mwaka 1852, hufuata kanuni iyo hiyo: kikivutwa polepole huyumba na kumetameta kama samaki aliyejeruhiwa.

Kuyumba huko kuna maana kubwa kuliko kumetameta. Ubavuni na kichwani mwa samaki mna vijitundu vyenye viungo vya kuhisi mitikisiko ya maji. Mwaka 2001 yalichapishwa majaribio juu ya jamaa mkubwa wa paiki wa Amerika ya Kaskazini. Samaki waliozibwa macho walishindwa kulinyemelea windo kutoka mbali, lakini lilipowakaribia waliweza kulishambulia. Jicho, basi, hutafuta. Ubavu humalizia kazi. Rangi za chambo, ambazo wauzaji huzisifu sana, kwa maoni yangu zina uzito mdogo kuliko mahali na mwendo.

Na mahali penyewe ni wapi? Mifereji ya Uingereza ilichimbwa tangu karne ya 18 kwa ajili ya mashua zilizokokotwa na farasi. Kina chake aghalabu hakizidi mita moja na nusu. Wakati wa kiangazi mashua za matembezi hulivuruga tope na majani ya maji hujaa kingoni. Baridi ikija, mashua hupungua, majani hufa, na maji hutakata. Samaki wadogo wa rangi ya fedha waitwao rochi, ndugu wa mbali wa ningu wetu, hukosa maficho na kukusanyika makundi makundi chini ya madaraja, ubavuni mwa mashua zilizofungwa, na katika sehemu pana ambako mashua hugeuzwa. Paiki huwafuata. Hivyo mvuvi huweza kupita kilomita nzima ya maji matupu, kisha akapata samaki watatu penye daraja moja. Maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote, kwa hiyo chini ya barafu tulivu sakafu ya mfereji huwa na vuguvugu kidogo kuliko juu. Lakini katika kina kifupi namna hii, pasipo barafu, upepo huyachanganya maji na tofauti hiyo hutoweka.

Kuna jambo moja ambalo mvuvi wa Februari hana budi kulifikiri. Paiki hutaga mapema, mara tu maji yaanzapo kupata joto, na jike ndiye mkubwa kuliko dume. Samaki mzito kuliko wote atakayevutwa mwezi huo, basi, karibu daima ni jike aliyebeba makumi ya maelfu ya mayai, ambayo huweza kuwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Akifa yeye, hupotea pia kizazi alichokibeba. Ndiyo maana wavuvi wengi wa huko humrudisha majini akiwa hai. Mbele ya chambo hufungwa kipande cha waya, kwani meno yangeukata mshipi na kumwacha samaki na ndoana kinywani. Vichomo vya ndoana hubanwa kwa koleo ili itoke kwa urahisi. Samaki hulazwa juu ya mkeka uliolowana, na ndoana hutolewa kwa koleo refu.

Hewa iliyo chini ya nyuzi 0 ina hatari yake ya pekee: matamvua ni ngozi nyembamba iliyojaa damu na maji, nayo huweza kuganda upesi. Kwa sababu hiyo wako wavuvi wanaomfungua samaki akiwa angali majini, bila kumpima wala kumpiga picha. Barafu ikianza kuziba pete za ufito, huzamisha ncha yake mferejini mpaka iyeyuke, kisha husogea hadi daraja linalofuata.