Kijijini Uingereza, Kabla ya Bomba na Trekta

Mwaka 1903 kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo kuhusu desturi za Waswahili kilichapwa Ujerumani, ili Wazungu wapate kujua watu wa pwani wanavyozaa, wanavyooa na wanavyozika. Sisi hatukuwauliza sana wao wanaishije kwao. Mwingereza tuliyemfahamu alikuwa Bwana DC, hakimu, mwalimu wa misheni, na baadaye sauti ya redioni. Yule wa kijijini, aliyeamia ndege shambani mwa tajiri na kuvua kofia kila farasi wa mwenye ardhi alipopita, mara chache alifika huku, na akifika alikuwa amekwisha kuvalishwa sare ya askari. Naye ndiye aliyekuwa na mila.

Habari zake zimeandikwa na waliokuwa watoto wa vijiji hivyo. Flora Thompson, aliyezaliwa mwaka 1876, alikulia Juniper Hill, mkoani Oxfordshire, kitongoji cha nyumba kama thelathini na kilabu kimoja cha pombe. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1939 alikipa kitongoji hicho jina la Lark Rise. Anayekifungua akitegemea maua na kondoo atakutana na shida ya maji. Nyumba tatu tu ndizo zilizokuwa na maji yao. Waliobaki walikwenda kisimani nje kidogo ya makazi, na wanawake walirudi na ndoo mbili kwa mzega, iwe mvua iwe theluji. Kiangazi kikikaza na visima vikikauka, safari ilirefuka karibu kilomita moja hadi pampu ya shamba la jirani. Maji ya mvua yalikingwa kwa mapipa ukutani, ya kufulia na kuogea. Choo kilikuwa cha shimo, mwisho wa bustani.

Baba alikuwa kibarua wa shamba la mtu, kwa shilingi kumi kwa wiki. Fedha hiyo haikununua nyama ya kutosha nyumba yenye watoto sita au saba, kwa hiyo kila familia iliyojiweza kidogo ilifuga nguruwe. Msomaji ambaye dini yake haimruhusu mnyama huyu anisamehe, maana bila yeye kijiji cha Kiingereza cha enzi hizo hakielezeki. Banda lake liliegemea nyuma ya nyumba, na harufu ilivumiliwa kama mtu anavyovumilia moshi wa jikoni kwake. Watoto wakitoka shule walimchumia majani kando ya njia, na jioni za mvua walizunguka na ndoo wakiokota konokono wa kumlisha. Pumba zilikopwa kwa msagaji au mwoka mikate, na mara nyingi nusu ya mnyama ilikuwa imekwisha kuwa mali ya mdai kabla hajachinjwa. Jumapili alasiri wanaume walitembeleana mabandani, wakaegemea ukuta, wakamkuna mgongo kwa fimbo na kukadiria uzito wake. Mazungumzo hayo yaliweza kula saa nzima.

Kuchinja kulifuata mwezi. Ilikuwa lazima mwezi uwe unakua. Ukiwa unapungua, waliamini, nyama ingesinyaa kwenye kikaango. Kazi ilifanyika jioni, kwa taa na moto wa mabua wa kuunguzia manyoya. Mchinjaji alirusha kwato, watoto wakazigombania wazitafune, hata zilizokuwa na tope na majivu. Kisha sahani za nyama zilitumwa kwa majirani, na kila aliyetuma alikumbuka vizuri ni nani aliyemletea mwaka uliopita. Usione huo ni ukarimu mtupu. Nyama mbichi haihifadhiki yote kwa chumvi, na jirani aliyepewa leo alikuwa ndiye ghala la kesho. Flora mdogo, kwa upande wake, alimwonea huruma mnyama aliyekuwa akimlisha kwa mkono wake. Huruma hiyo haikubadili chochote.

Shule ilikuwa kijiji cha pili, mwendo wa zaidi ya kilomita mbili. Sheria ya mwaka 1880 iliwalazimisha watoto wote kusoma, na mwaka 1891 ada ikaondolewa, lakini kalenda ya kweli ilibaki kwa mwenye shamba. Asubuhi za baridi kali mama alimtia mtoto viazi viwili vya moto mikononi, vilivyolala jivuni usiku kucha: njiani vilipasha vidole, na akifika alivila. Likizo ndefu iliwekwa wakati wa mavuno. Madaftari ya kila siku ambayo walimu wakuu walitakiwa kuyaandika yamejaa lalamiko moja: wavulana hawapo, wamekwenda kuamia ndege, darasa ni tupu, wote wanaokota viazi.

Baada ya mavuno mama na watoto waliingia shambani kuokota masuke yaliyoachwa, kama Ruthu katika shamba la Boazi, mgongo umepinda tangu alfajiri hadi jua lizame. Ngano hiyo ikisagwa, mfuko wa unga uliwekwa juu ya kiti sebuleni, mlango ukaachwa wazi, wapita njia wauone na wasifu. Maskini naye ana haki ya kujionyesha.

Heshima ilikuwa na kanuni zake. Wasichana walipiga goti kidogo mbele ya mke wa mwenye ardhi, wavulana walishika ukingo wa kofia. Kanisani mwinyi huyo na jamaa zake walikuwa na viti vyao, na kasisi akihubiri juu ya kuridhika na nafasi ambayo Mungu amekupa, kila mtu alijua nani anaambiwa. Msichana akifika miaka 12 au 13 hakubaki nyumbani. Alikwenda utumishi wa ndani katika nyumba za watu, akianza kwa mshahara wa kama shilingi moja kwa wiki, na sehemu yake ilirudi kwa mama. Nafasi yake kitandani ilichukuliwa na wadogo zake, ambao siku zote walikuwa wanaisubiri.

Lakini siku ya kwanza ya Mei ilikuwa ya watoto. Walichuma maua kwa mabunda, wakayafunga kwenye kiunzi chenye umbo la kengele, mbele wakamkalisha mwanasesere aliyefunikwa shela. Walikizungusha kitu hicho nyumba kwa nyumba, kutoka jumba la mwinyi hadi mashamba ya mbali, wakiimba, na shela ilifunuliwa kwa anayetoa senti. Nyuki nao walikuwa na haki yao. Mwenye mizinga akifa, mjane aligonga mzinga mmoja mmoja akiwapa habari ya msiba. Wasipoambiwa, waliamini watu, nyuki wangekufa au kuhama. Afisa wetu wa kikoloni angekutana na jambo kama hilo Ukambani au Usambara, angeliandika kwenye ripoti chini ya kichwa cha ushirikina. Huenda bibi yake mwenyewe alikuwa akizungumza na mizinga.

Miaka 40 baadaye, magharibi kidogo, mambo yalikuwa yaleyale kwa sehemu kubwa. Laurie Lee alizaliwa mwaka 1914 na kukulia Slad, bonde la Gloucestershire, katika nyumba ya mama, dada wa kambo na kaka, baba akiwa ameondoka zake. Kitabu chake, Cider with Rosie, kilitoka mwaka 1959 na ndicho kilichowafanya Waingereza wa mijini waamini kwamba walikosa kitu. Mna ndani yake wavulana wa kwaya wanaotembea katika theluji usiku wa kuamkia Krismasi wakiimba mlango kwa mlango, wakianza kwa mwinyi kama ilivyo ada. Mna safari ya wanakijiji wote kwa mabasi kwenda pwani ya Weston-super-Mare, na bibi wawili majirani, wa juu na wa chini, wasiosemezana kwa miaka.

Mna pia mambo ambayo wasomaji wengi huyaruka. Lee anasimulia mtu aliyerudi kutoka New Zealand akiwa na fedha na maneno mengi, akawadharau kilabuni waliobaki nyumbani. Usiku ule alipigwa njiani, akaachwa kwenye theluji, akafa. Polisi walikuja wakauliza. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Anasimulia tena wazee wawili, mume na mke walioishi pamoja nusu karne, waliochukuliwa kwa nia njema na kupelekwa nyumba ya maskini inayosimamiwa na serikali ya mtaa. Huko wanaume walilala upande wao na wanawake wao. Hawakumaliza muda mrefu wote wawili. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa hofu ya kila mzee wa kijijini. Pensheni ya kwanza ilipoanza kulipwa Januari 1909, shilingi tano kwa wiki kwa aliyetimiza miaka 70, Flora Thompson anaeleza kwamba wazee walilia posta, wakamletea karani msichana maua na matofaa, kana kwamba fedha ilitoka mfukoni mwake.

Mwaka huohuo wa 1959 Iona na Peter Opie, mke na mume, walichapisha uchunguzi wao wa mila za watoto wenyewe, uliotokana na watoto wapatao 5,000 wa shule 70 hivi. Waligundua kwamba watoto wana sheria ambazo mkubwa hakuwafundisha. Michezo ina majira yake, gololi wakati huu, mchezo wa pia wakati ule, na hakuna anayetangaza. Vuli zikianguka mbegu za mti wa chestnut pori, kila mvulana hutoboa yake, akaitia kamba na kuipigisha na ya mwenzake hadi moja ivunjike. Wajanja huzilowesha katika siki au kuzioka ziwe ngumu. Anayetaka kupumzika katikati ya mchezo wa kukimbizana hukunja vidole viwili kimoja juu ya kingine na kutamka neno la amani, na neno hilo hubadilika kutoka mkoa hadi mkoa. Kabla ya Novemba 5 watoto walisukuma mtaani sanamu la matambara la Guy Fawkes, aliyekamatwa mwaka 1605 akiwa na baruti chini ya Bunge, wakiomba senti za fataki. Usiku sanamu lilichomwa. Kijana huyo amechomwa kwa karne nne na bado hajamalizika.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta wageni vijijini. Mwanzoni mwa Septemba 1939 kama watu milioni moja na nusu, wengi wao watoto, walihamishwa kutoka miji iliyoogopewa kupigwa mabomu. Walipofika vijijini walipangwa ukumbini na kuchaguliwa: wavulana wenye misuli walitoka upesi, waliolia na wenye chawa walibaki mwisho. Watoto wenyeji walikusanya matunda ya waridi pori kwa ajili ya dawa ya maji yenye vitamini C, kwa sababu machungwa hayakuja. Mgao uliendelea miaka mingi baada ya ushindi. Peremende ziliachiwa Februari 1953, na nyama, ya mwisho, Julai 1954.

Kisha kila kitu kilikwenda kwa mbio. Trekta liliwaondoa farasi, na pamoja nao watu walioishi kwa kuwatunza. Umeme na bomba viliingia nyumba ambazo zilikuwa zimesubiri kuliko za mjini kwa miongo. Juni 2, 1953, malkia akitawazwa, majirani walijazana kwa yeyote mwenye televisheni. Mwaka 1963 ripoti ya Richard Beeching ilipendekeza kufungwa kwa zaidi ya vituo 2,300 vya reli, na vingi vya vijijini vilifungwa kweli. Nyumba za vibarua zilinunuliwa na wenye fedha kutoka mijini, ambao walipanda waridi mlangoni na kuuliza zile desturi za zamani zimekwenda wapi.

Zilikwenda na ndoo. Kutumiana nyama, kuimba mlangoni, kujua nani amelala na njaa, hayo yalishikiliwa na uhitaji, na uhitaji ulipopungua yalilegea. Tazama walioandika kwa utamu. Flora Thompson aliondoka kitongojini akiwa na miaka 14, akafanye kazi posta ya kijiji kingine. Lee aliondoka Slad mwaka 1934, kijana wa miaka 19, kwa miguu, na aliponunua nyumba huko tena alikuwa mwandishi mashuhuri. Mzega haukubaki mabegani mwao.

Waliobaki walisikilizwa kwa kuchelewa. George Ewart Evans, Mwelsh aliyehamia Blaxhall, Suffolk, mwaka 1948 mkewe alipopata kazi ya ualimu, aliketi na wazee majirani na kuandika maneno yao juu ya farasi, kufyeka na kuoka mikate; kitabu kikatoka mwaka 1956. Ronald Blythe alifuata mwaka 1969 na Akenfield, jina la kubuni kwa vijiji vya Suffolk alivyovijua. Humo mzee mmoja aliyekuwa kibarua wa shamba anakumbuka alivyojiunga na jeshi mwaka 1914. Katika miezi michache ya mazoezi alinenepa, si kwa chakula bali kwa kuwa kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na kazi ya suluba, na yeye na wenzake walifurahi kuondoka mashambani.

Anayetaka kusoma kimoja tu kati ya vitabu hivi, na achukue cha Blythe. Lee ana kalamu tamu kuliko wote, lakini Blythe amewaachia wazee waseme, na wao hawaombi siku zile zirudi.