Je, Wajua? Nafsi Tatu, Mungu Mmoja, Chini ya Kirinyaga

Je, wajua kwamba Wakikuyu walimkiri Mungu mmoja kabla hawajasikia jina la Yesu? Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, aliandika kwamba Ngai hana baba, hana mama, hana mwenzi. Wazee walitaja makao yake kwenye milima minne: Kirinyaga kaskazini, Kianjahi mashariki, Kiambiroiro kusini na Nyandarua magharibi. Milima minne, Ngai mmoja.

Wamisionari wa Consolata walipofika Tuthu kwa chifu Karuri wa Gakure, Juni 1902, na Waskoti walipojenga misheni ya Tumutumu karibu na Karatina miaka michache baadaye, Ngai ndiye aliyehubiriwa. Ndiye aliyemo pia katika Agano Jipya la Kikuyu la 1926. Kigumu kilikuwa kusikia kwamba huyo asiye na mwenzi ana Mwana wa milele, na Roho Mtakatifu. Mzee aliyeuliza, "Sasa ni wangapi?" alistahili jibu zito.

Je, wajua kwamba fundisho la Utatu lilitetewa ili kuulinda umoja wa Mungu? Arius, kasisi wa Aleksandria nchini Misri, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, ijapokuwa kabla ya vitu vyote. Mtaguso wa Nikea ulimkatalia mwaka 325. Athanasius, aliyekuja kuwa askofu wa mji huohuo na kufukuzwa kitini mara tano, aliiona hatari waziwazi. Wakristo walikuwa tayari wanamwabudu Yesu. Kama Yesu ni kiumbe, basi wanaabudu kiumbe pamoja na Muumba: miungu miwili, mkubwa na mdogo. Ili kumwabudu Kristo na bado kubaki na Mungu mmoja, ni lazima kukiri kwamba umungu wa Mwana ndio uleule wa Baba. Mwaka 381, kule Konstantinopoli, Kanisa likamkiri Roho vivyo hivyo, kuwa anaabudiwa pamoja na Baba na Mwana. Anayedhani Utatu ni hesabu mbovu aanzie kwenye hoja hii ya Athanasius. Sijaona iliyo wazi kuliko hiyo.

Ukimfundisha mtoto wa Naro Moru, utatamani kunyoosha kidole mlimani Kirinyaga: Batian, Nelion, Lenana, vilele vitatu, mlima mmoja. Mfano huo haufiki mbali. Batian ina mita 5,199, Nelion 5,188, Lenana 4,985, na hakuna kilele kilicho mlima mzima. Baba, Mwana na Roho hawazidiani, na kila Nafsi ni Mungu kamili, si theluthi ya Mungu.

Kosa la upande wa pili ni la Sabellius, karne ya 3: Mungu mmoja anayejionyesha mara kama Baba, mara kama Mwana, mara kama Roho. Lakini katika ubatizo wa Yesu pale Yordani, Mwana yumo majini, Roho anashuka, sauti ya Baba inasikika, yote kwa wakati mmoja. Ubatizo huo ni miongoni mwa picha ambazo Elimo Njau, mchoraji kutoka Kilimanjaro, alizichora miaka ya 1950 ukutani mwa kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo, Murang'a. Ukipita mjini hapo, ingia ukazitazame.

Je, wajua kwamba Mpresbiteri aliyebatizwa kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu habatizwi tena akiingia Kanisa Katoliki? Aliyebatizwa kwa jina la Yesu pekee, kama wafanyavyo Wapentekoste wanaoukana Utatu, hubatizwa.

Je, wajua kwamba Waorthodoksi wa Nyeri wako chini ya kiti kilekile cha Athanasius? Mwanzo wao ni Wakikuyu waliojitenga na misheni baada ya mgogoro wa tohara ya wasichana wa 1929. Askofu Daniel William Alexander alikuja kutoka Afrika Kusini mwaka 1935 akawafundisha makasisi wao, Arthur Gathuna akiwa mmoja wao, na mwaka 1946 Upatriarki wa Aleksandria ukawapokea. Wao hukiri kwamba Roho atoka kwa Baba; Wakatoliki huongeza "na Mwana", na neno hilo limewatenganisha tangu zama za kati. Mtazame Mworthodoksi akifanya ishara ya msalaba: vidole vitatu vimeunganishwa kwa Utatu, viwili vimekunjwa kwa ubinadamu na umungu wa Kristo.

Wakatoliki na Waanglikana huadhimisha Utatu Jumapili inayofuata Pentekoste. Waorthodoksi huuadhimisha siku yenyewe ya Pentekoste, na Pasaka yao mara nyingi huchelewa. Mwaka 2026 sikukuu hizo mbili zinaangukia Jumapili moja, tarehe 31 Mei.