Kinga ya mbio: kable ao batri?

Tuseme prime imetoka. Papa anarudia ku nyumba na feza ambazo hazitoke kila mwezi, na mutoto wake wa miaka 17 anamungojea ku mulango na telefone mu mukono. Mu telefone kuko picha za kinga mbili. Zote ni kinga za mbio: pine nyembamba, gido imepinda kama pembe za kondoo dume. Moja, vitesi vyake vinavutwa na kable. Ingine, vitesi vyake vinaendeshwa na batri, na bei yake iko juu sana.

“Papa, wakubwa wote wa Tour de France wanapanda ya batri.”

“Na wewe uko mukubwa wa Tour de France?”

“Bado, papa.”

Mutoto haseme uongo. Leo mu Tour de France karibu wote wanatumia vitesi vya batri. Na sababu ya kuota iko: mu mwaka wa 2024 Biniam Girmay, kijana wa Eritrea, alishinda etapi tatu za Tour na akafika mwisho na jezi ya kijani. Mbele yake hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa ameshinda hata etapi moja. Tangu pale, kijana wa Lubumbashi, wa Likasi ao wa Kolwezi anaweza kusema anataka mbio za kinga, na watu hawamucheke. Lakini kuota ni bure, na kinga haiko bure. Kwa hiyo tuangalie hii maneno polepole, mbele feza haijatoka mu mufuko.

Namna gani vinatumika

Ku kinga ya kable, unasukuma kibao kimoja ku gido na kidole. Kile kibao kinavuta kable ya chuma yenye unene wa milimetri 1,2 hivi. Kable inapita ndani ya ganda lake mpaka nyuma, inavuta derayeri, na derayeri inahamisha shene kutoka pinyo moja kwenda ku ingine. Ukisukuma kibao cha kulegeza, kable inaachiliwa na resori ya derayeri inarudisha shene. Kila “tak” unayosikia ni kipimo kimoja. Kipimo kikipotea kiloko tu, shene inaanza kulia, inaruka, ao inakataa kuingia.

Na kipimo kinapoteaka. Kable mupya inajinyoosha mu majuma ya kwanza. Kisha vumbi na maji ya mvua vinaingia mu ganda, kutu inashika, na kidole kinaanza kulazimisha. Dawa yake ni rahisi: kuzungusha kiloko kile kifungo cha kukazia kable, ao kutosha kable yote na kuweka ingine.

Ku kinga ya batri, kidole kinagusa butoni. Butoni inatuma habari kwa waya ao kwa radio, bila waya, na moteri ndogo ndani ya derayeri inasukuma shene mpaka nafasi yake kamili. Hakuna kable ya kujinyoosha, hakuna ganda la kuingia vumbi. Ukishaipima muzuri mara moja, inabakia vile kwa muda murefu. Mu mulima, wakati miguu inachoka na akili inachoka, vitesi vinaingia sawasawa kila mara. Ile njo sababu wakubwa wanaipenda.

Kuko mutu mwingine ambaye inaweza kumusaidia zaidi: papa aliyeumia vidole ku kazi, ao mwenye mikono imekufa ganzi juu ya mashine za kutoboa mawe. Kibao cha kable kinaomba nguvu, butoni inaomba kugusa tu. Kwa mutu wa vile, batri haiko majivuno. Inaweza kumurudisha ku kinga.

Batri haiko adui

Wengi watasema: huku kwetu umeme unakatikaka, kwa hiyo batri haifae. Tuseme ukweli: ile sababu haina nguvu. Shimano, kampuni ya Japani, inasema batri ya Di2 ya pinyo 12 inaweza kufika karibu kilometri 1 000 mbele ya kuomba kuchaji. SRAM ya Marekani inaweka batri ndogo juu ya kila derayeri, na ya nyuma inatumika karibu saa 60 za njia. Kuichaji ni kazi ya saa moja, ao moja na nusu. Mutu anayechaji telefone yake na plake ya jua anaweza kuchaji na kinga.

Hata ikiisha mu njia, haikutupe chini. Ku Di2, derayeri ya mbele njo inasimama ya kwanza. Ya nyuma inaendelea wakati kiloko, kisha inasimama nayo. Shene inabakia pale ilikuwa, na wewe unapedali na vitesi moja mpaka ku nyumba. Ku SRAM, batri mbili ni za namna moja: unatosha ya mbele, unaiweka nyuma, unaendelea.

Na hii batri tunaijua kuliko watu wengi. Ni batri ya lithiumu, na batri nyingi za ile namna ziko na kobalti ndani. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa mu dunia inatoka mu Kongo. Ile moteri ndogo ya derayeri nayo haizunguke bila waya za shaba. Kwa hiyo inawezekana kipande cha karieri yetu kilienda mbali, kikaingia mu usini, na sasa kinataka kurudia kwetu na bei ingine. Lakini kuchimba jiwe haitupe piesi ya kubadilisha. Pale njo maneno yanaanza.

Siku kintu kinavunjika

Wenye kufanya kazi ku karieri wanajua hii maneno bila kufundishwa. Engin ya zamani ikikufa, fundi anafungua, anatosha, anagonga, inaenda. Engin ya mupya ikikufa, taa inawaka, na kazi inasimama kungojea mutu mwenye ordinateri na piesi inayotoka inje. Ile ya mupya ni nguvu kuliko ya zamani siku zote, isipokuwa siku ile moja. Na ile siku moja inaweza kuwa mwezi muzima.

Kinga nayo ni vile. Siku kable inakatika, resori inapeleka shene ku pinyo ndogo ya mwisho, ile nzito mu mulima. Ni mbaya, lakini unafika. Ukiwa na turnevisi, unakaza vis yenye alama ya H ku derayeri ya nyuma, na shene inaweza kukaa ku pinyo inayofuata. Kesho yake unaenda sokoni. Hata kama hakuna duka la kinga za mbio, kable ya vitesi ya VTT, kinga ya kupanda mulima, inaingia ku vibao vya Shimano ao SRAM vya mbio. Angalia tu wasikupe kable ya fre: ile ni nene, na kichwa chake ni kikubwa. Fundi yeyote mwenye pensi na kle yake anamaliza kazi mu saa moja, na feza inayotoka ni ya kable tu.

Siku derayeri ya batri inapigwa na jiwe na moteri yake inakufa, hakuna fundi wa kuifungua. Ile haitengenezwe, inabadilishwa. Bei ya derayeri moja ya batri ni mara nyingi kuliko ya kable, na lazima iwe ya kampuni ile ile na ya kizazi kile kile, ili piesi zisikilizane. Kisha mutu aiunganishe na ingine, mara na programu ya telefone. Utaagiza inje, utangojea, na mutoto atakuwa anaangalia kinga imetundikwa ku ukuta.

Wakubwa wa Tour hawana ile shida. Usiku fundi wa timu anachaji batri zote. Asubui gari inafuata, na juu ya gari kuko kinga zingine. Kinga yao haikufake peke yake mu njia. Ya mutoto wetu itakuwa moja, na nyuma yake hakuna gari.

Tena tusidanganyane, kable nayo inaweza kukufanya ulie. Mu mwezi wa 7 wa 2010, ku mulima wa Port de Balès, Andy Schleck wa Luxembourg alikuwa na jezi ya njano. Akashambulia, akabadilisha vitesi, shene ikatoka. Alberto Contador akapita, akashika sekonde 39. Ku Paris, Contador akashinda Tour kwa sekonde 39. Kisha Contador akanyanganywa ule ushindi juu ya doping, na jina la Schleck likaandikwa pale. Lakini ile siku ku mulima, Schleck hakuomba moteri. Alirudisha shene na mikono yake, akapanda tena.

Kile kinabakia

Kuko ushuhuda mwingine, na unatoka Ufaransa. Mavic ilitosha vitesi vya umeme, Zap, ku mwanzo wa miaka ya 1990. Mu 1999 ikatosha Mektronic, isiyokuwa na waya. Wakati ule watu walisema kable imekufa. Leo mwenye ile Mektronic ni lazima atafute piesi kwa watu wanaochunga vitu vya zamani. Lakini kinga ya kable ya mwaka ule ule, ukiwekea kable mupya na shene mupya, inaenda kazi kesho asubui.

Batri za leo ni bora kuliko zile, na haziko karibu kufa. Vitesi vya juu vya Shimano, Dura-Ace na Ultegra za pinyo 12, tangu 2021 vinatoka na batri tu. Lakini kable nayo haiko kintu cha kuokota: 105 ya Shimano ya pinyo 12 ilitoka na batri mu 2022, na mu 2023 ikatoka na kable. Chini yake kuko Tiagra, Sora na Claris. Claris iko na pinyo 8, na shene ya pinyo 8 ni rahisi kupata na bei yake ni ya chini. Kwa kinga ya kwanza ya mutoto anayejifunza, ile ni maneno ya maana kuliko rangi.

Kwa hiyo, wazazi, mbele ya kulipa, ulizeni maneno haya. Nani mu muji wetu atatengeneza hii kinga? Piesi itatoka wapi, na kwa siku ngapi? Kama ni ya batri na ni okazyo, kintu chake cha kuchajia kiko? Ku Di2 mupya, kable ya kuchajia ni yake mwenyewe. Ya telefone haiingie ku derayeri. SRAM nayo iko na kitanda chake cha kuchajia. Muuzishaji abonyeze butoni mbele yenu, vitesi vyote, kwenda na kurudi. Kama ni ya kable, sukumeni kibao mara kumi: kikiwa kigumu, kable na ganda ni za kubadilisha, na mukate bei. Kwa kinga zote mbili, simameni nyuma muangalie kama derayeri inasimama wima. Ikiinama ndani, imeanguka.

Kama uko na ndugu anayetumaka piesi kutoka Ulaya, ao mutoto ameingia timu yenye fundi, batri ni kintu kizuri. Kama hauko na ile, nunua kable. Feza inayobakia, weka pembeni: kable mbili, shene moja, pine mbili, na kofia ya mbio. Ile kofia hata usiulize bei.

Papa wetu amesikiliza yote. Anarudisha telefone kwa mutoto.

“Tutanunua ya kable. Na siku ya kwanza, utaitosha ile kable, utairudisha, mimi niko naangalia.”

“Na ya batri, papa?”

“Siku gari itakuwa inakufuata nyuma, mutoto yangu, wao njo watakununulia.”