Gitare ya mulombwa: namna inavyotengenezwa nyuma ya nyumba, na inaingiza nini

Kila mara mtu akiona katika telefone yangu picha ya gitare ambayo bado haina nyuzi, ananiuliza mambo mawili: "Uliisomea wapi?" na "Inalipa?" Leo nataka kujibu yote mawili, lakini nitaanza na kazi yenyewe, juu hesabu ya pesa haieleweki kama mtu hajajua saa zinakwenda wapi.

Mimi niko na lisansi ya fizike. Atelye yangu iko ku Katuba, hapa Lubumbashi, nyuma ya nyumba ya wazazi: bati chache juu, meza moja nzito, mbabula, na kamba ya kuning'iniza vitu. Umeme unakuja ukitaka, njo maana vyombo vyangu karibu vyote ni vya mkono: msumeno, randa (bamenizye wengi wanaiita rabo), patasi, na serejwa. Serejwa hazitoshi hata siku moja. Pale zinapokosekana ninakata shambreri ya kinga kuwa mikanda mirefu, ninafunga nayo mbao mpaka kole ikauke. Mpira unavuta sawasawa pande zote, na mara nyingi unashinda chuma.

Musifikiri hii kazi ni ya wageni. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, na tangu hapo namna ya kupiga gitare ya Katanga ilijulikana mbali sana. Kuna Losta Abelo, kuna Edouard Masengo. Kinshasa kuna Misoko Nzalayala, mwenye walimuita Socklo, aliyetengeneza gitare kwa miaka mingi kwa mikono yake. Na nani kati yetu hakuona mtoto mwenye banjo ya bidoni ya mafuta? Wapigaji tuko nao. Lakini gitare zenyewe, nyingi zinaingia na lori kupitia Kasumbalesa, na zile za bei ya chini zinapasuka mwezi wa nane.

Kwa nini zinapasuka? Hapo njo fizike inaingia. Mbao inakunywa maji ya hewa na kuyatoa. Ikinywa, inavimba, ikitoa, inajikunja. Lakini haifanyi hivyo sawasawa: kwa urefu wa nyuzi zake karibu haibadiliki, kwa upana inabadilika sana. Sasa gitare iliyofungwa na kole katika nchi yenye hewa ya maji, ukiileta Lubumbashi wakati wa kiangazi, wakati hata midomo ya watu inapasuka, mgongo wake unataka kupungua upana na mbavu zinaushika. Hauna pa kwenda. Unapasuka katikati. Kumbe ukiufunga wakati wa kiangazi, mvua ikija unavimba na kupanda kidogo kama tumbo la mtu aliyeshiba, na hapo hakuna kitu kinachokatika. Kwa hiyo mgongo na uso ninavifunga kati ya mwezi wa saba na wa tisa tu. Mvua ikianza ninafanya shingo, ninafanya matengenezo, ninafanya mambo mengine.

Kujua kama mbao imekauka hakuhitaji mashini. Unachukua mizani ya jikoni, unapima kipande, unaandika gramu na tarehe juu yake kwa penseli. Juma linalofuata unapima tena. Siku uzito unapoacha kushuka kwa majuma matatu au mane, mbao na hewa vimepatana. Mbao yangu inakaa chini ya bati mwaka mzima kabla sijaigusa. Menizye mwenye haraka atakuambia imekauka kwa sababu ameigonga na kidole; muheshimu, lakini upime.

Kwa mgongo na mbavu ninatumia mulombwa, ile Watanzania wanaiita mninga. Ni mbao ya misitu yetu ya miombo, rangi ya kahawia yenye wekundu, na sifa yake kubwa ni kwamba haihangaiki sana kati ya mvua na kiangazi. Ninaitafuta katika vitu vya zamani: mlango wa nyumba iliyobomolewa, kabati la marehemu babu wa mtu. Mbao ya miaka mingi imekwisha kutulia. Vumbi lake lakini ni kali kwa pua na kifua, kwa hiyo ninavaa maske, hata jirani wakicheka. Kuna wanaoniuliza kuhusu mukula, ndugu yake wa karibu. Huyo sitaki. Tuliona wenyewe malori yakibeba magogo yake, na tangu 2019 iko katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, maana yake haivuki mpaka bila karatasi. Mlango wa zamani hauna shida hiyo.

Uso wa gitare ni jambo lingine kabisa. Unahitaji mbao nyepesi na ngumu kwa wakati mmoja, ya jamii ya misonobari. Wazungu wanatumia episea ya milimani. Mimi ninaipata katika makasha ya vyombo vinavyokuja kwa makampuni ya madini! Watu wanayanunua kwa kuwasha moto. Mimi ninapita kwanza, ninaangalia muhuri. Ukiona herufi HT, mbao ilipashwa moto kuua wadudu, iko salama. Ukiona MB, ilipigwa dawa ya gesi yenye sumu, usiipeleke nyumbani, hata kwa mbabula. Kisha ninaangalia kichwa cha ubao: mistari ya miaka isimame wima, ikaribiane, isiwe na fundo. Katika makasha kumi labda ubao mmoja. Kwa kuwa ni nyembamba, ninaunga vipande vinne kufanya uso mmoja, wakati fundi mwenye mbao pana anaunga viwili. Sikio halijaona tofauti.

Uso huo ninaupunguza kwa randa mpaka milimetri 2,5 au 3, na hapa njo siku zinapotea. Unapunguza kidogo, unaushika kwa vidole viwili pembeni, unaugonga, unasikiliza. Mwanzo unalia kama meza. Baadaye sauti inafunguka, inadumu. Ukipita hapo, nyuzi zitaukunja. Nyuzi sita za chuma zinavuta jumla ya kilo 70 hivi: mfuko wa simenti, na mtoto amekaa juu yake, usiku na mchana, kwa miaka. Za nailoni zinavuta kama kilo 40. Kwa hiyo chini ya uso tunabandika mihimili midogo, na mpango wake unatosha kubadilisha sauti yote. Mhispania Antonio de Torres, aliyezaliwa 1817, aliipanga kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na gitare za nailoni nyingi bado zinamfuata. Kwa nyuzi za chuma inapangwa kama herufi X. Huyo Torres mwaka wa 1862 alitengeneza gitare yenye mgongo na mbavu za kartoni, kuonyesha kwamba sauti inatoka kwanza kwenye uso. Mimi nikikosa mulombwa nzuri, ninamkumbuka na ninatulia.

Mbavu zinapindwa kwa moto. Unapunguza mbao mpaka milimetri 2, unailowesha. Bomba la chuma ninalifunga mezani, ninajaza makala ya moto kutoka mbabula. Ukitonesha maji juu yake yanapaswa kuruka na kucheza. Yakikaa na kuchemka polepole, bado. Unaweka mbao, unasukuma kidogo tu, unangoja. Kile kinachounganisha nyuzi za mbao kinalegea kwa joto na maji, na utasikia katika mikono mbao ikikubali. Ni kama kumshawishi mzee: ukimsukuma anakataa, ukingoja anakuja mwenyewe.

Sasa shingo, na kwa baetidia wa hesabu hapa kuna utamu. Barete, vile vyuma vidogo, vinakaa wapi? Oktavi moja ni kuzidisha mtetemo mara mbili, na imegawanywa hatua 12 zilizo sawa kwa uwiano. Kwa hiyo kila hatua inazidisha kwa 1,05946, ile namba ambayo ukiizidisha yenyewe mara 12 unapata 2. Ukigeuza hiyo kuwa urefu, kila barete inakata sehemu moja ya 17,817 ya uzi uliobaki. Gitare yangu iko na uzi wa milimetri 650. Gawa kwa 17,817: barete ya kwanza iko milimetri 36,5 kutoka sile. Zinabaki 613,5, gawa tena, unapata 34,4, basi ya pili iko 70,9. Endelea hivyo, na ya 12 lazima ianguke 325, nusu kamili. Isipoanguka hapo, rudia hesabu kabla ya kushika msumeno.

Mafundi wa zamani walitumia 18, juu ni rahisi kugawa kwa kichwa. Vincenzo Galilei, baba ya Galileo, aliiandika mwaka wa 1581. Jaribuni: kwa 18, barete ya 12 inakaa 322,6, karibu milimetri mbili na nusu kabla ya nusu. Oktavi inashuka kidogo. Lakini ukibonyeza uzi unauvuta, na sauti inapanda, kwa hiyo kosa moja lilikuwa linafunika lingine. Sisi wa 17,817 tunapaswa kusogeza shevale nyuma milimetri kama 2 kwa sababu hiyohiyo. Nilipomwonyesha mwanafunzi wangu wa sekondari hesabu hii, aliniuliza kwa nini ku masomo hawakumwambia logaritme zinaimba. Sikuwa na jibu.

Kole: ile nyeupe ya mbao inatosha, lakini gitare ikiachwa ndani ya gari juani, inalegea na shevale inatembea. Kole ya ngozi ya ng'ombe inavumilia zaidi, na inakubali kufunguliwa kwa maji na joto siku ya matengenezo. Na shevale inabandikwa kwenye mbao tupu, siyo juu ya verni. Hapo njo gitare nyingi za bei ya chini zinafia.

Kumaliza kunachukua karibu siku nyingi kama kujenga. Papiye-vere inaanza 120, inakwenda 180, 240, 320, kila mara ukifuata nyuzi za mbao. Matundu madogo ya mulombwa ninayajaza kwa vumbi lake lenyewe na gome-lake. Gome-lake ni utomvu wa mdudu wa India. Inayeyuka katika alkoli. Unafanya donge la sufu ndani ya kitambaa safi cha pamba, tone moja la mafuta, unapita kwa miduara na nane, mwepesi, bila kusimama, juu ukisimama kitambaa kinaganda. Mara nyingi, tabaka nyembamba. Siku ya mvua uache: maji ya hewa yanaingia, verni inakuwa nyeupe kama maziwa. Vijana wengi wananiambia nipige pistole ya rangi ya gari, inang'aa haraka. Inang'aa kweli. Lakini tabaka nene juu ya uso ni kama kuvalisha mtu koti tatu na kumwambia acheze.

Tufike ku pesa. Gitare moja inanichukua saa 80 hivi. Mbao dola 15, mekaniki za kukazia nyuzi na waya ya barete dola 25 (ninamwagiza mtu anayetoka Johannesburg), nyuzi 6, kole, gome-lake na papiye-vere kama 14. Jumla 60. Ninauza 160. Zinabaki dola 100, yaani dola moja na robo kwa saa, na hapo sijahesabu mwaka ambao mbao inalala. Matengenezo je? Shevale iliyobanduka ni dola 10 kwa saa tatu. Mgongo uliopasuka, zaidi. Kwa hiyo ukweli ni huu: gitare za watu wengine zinalisha zile zangu, na mwezi wa nane, wakati zinapasuka, njo mwezi wangu mzuri.

Baba alikaa muda mrefu bila kupita kule nyuma. Siku moja alisimama akaniuliza: "Nililipa minervali miaka tano juu upige randa?" Swali lake ni la haki, na sijui mtu wa kizazi chetu ambaye hajaulizwa lile la namna hiyo. Nilimwonyesha hesabu ya barete. Aliiangalia, yeye aliyefanya kazi ya ajiste kiwandani, akachukua kaliperi yake ya zamani, akapima ya 12 mwenyewe. Alipata 325. Hakusema kitu, lakini kaliperi aliiacha juu ya meza yangu.

Nikifunga nyuzi mara ya kwanza sizikazi mara moja. Ninashusha toni mbili, ninaiacha usiku, ninakaza kidogo, usiku mwingine. Sasa hivi kuna mbili kwenye kamba. Moja ni ya korali ya wamama, na nimewaomba wasiichukue mpaka mvua tatu za kwanza zipite, nione mgongo unapanda kiasi gani.