Sinagogi la Touro: Nyumba ya Sala Iliyotunzwa na Majirani

Katika mji wa Newport, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, lipo Sinagogi la Touro. Liliwekwa wakfu mwaka 1763, nalo ni sinagogi kongwe kuliko yote yaliyosalia nchini humo. Mwaka 1946 serikali ililitangaza kuwa urithi wa kihistoria wa taifa.

Wayahudi wa kwanza walifika Newport mwaka 1658. Wengi wa waliojenga sinagogi walikuwa wazao wa Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, au waliolazimishwa kubatizwa Ureno mwaka 1497. Tukumbuke kwamba waliotoa amri hizo walikuwa watawala Wakatoliki. Mfanyabiashara Aaron Lopez aliishi Ureno kama Mkristo kwa nje tu. Alipofika Newport ndipo alipoishika hadharani imani ya mababu zake.

Ndani ya jengo, sanduku la Torati liko upande wa mashariki, kuelekea Yerusalemu. Nguzo 12 zimebeba roshani ya wanawake, ukumbusho wa makabila 12 ya Israeli.

Vita vya uhuru wa Marekani viliitawanya jumuiya. Mwaka 1790 Moses Seixas alimwandikia Rais George Washington kwa niaba ya waliobaki. Rais alijibu kwamba serikali mpya haitaunga mkono ubaguzi wa dini, na kwamba uhuru wa dhamiri ni haki ya mtu, si hisani ya wengi kwa wachache.

Hata hivyo, biashara ya mji ilidorora, na mwanzoni mwa karne ya 19 Wayahudi walihama. Ufunguo wa sinagogi ukatunzwa na familia ya Gould, Wakristo wa dhehebu la Marafiki. Abraham na Judah Touro, wana wa kiongozi wa kwanza wa sala, waliacha fedha za kulitunza. Mwaka 1883 sala za kudumu zilianza tena, safari hii pamoja na wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko Nostra Aetate, ulifundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa kosa la Wayahudi wote wa wakati ule, wala la Wayahudi wa leo. Frateri anayejiandaa kuhubiri Ijumaa Kuu na alishike fundisho hilo. Maneno ya mimbarini yamewahi kuwafukuza watu makwao. Majirani wa Newport walichagua kuwatunzia mlango.